Homa Mbili za Pwani na Dawa ya Damu

Homa ya dengi, ambayo tabibu James Christie aliikuta Unguja mwaka 1870 ikiitwa kidinga pepo, na ambayo siku hizi twaiita kidingapopo, iliwashika watu wengi wa Tanga na Dar es Salaam mwaka 2019. Na mwaka uliofuata, mwezi wa Machi, ikaingia Korona. Homa hizi mbili, kwa kuwa aghalabu zote huanza kwa joto na maungo kuuma, mtu wa Ngamiani, mtaa wa Tanga, huzidhania ndugu, ilhali ndani ya damu kila moja hutenda kinyume cha mwenziwe.

Korona huuchoma utando wa ndani wa mishipa, na damu huganda hali pana jeraha lisiloonekana. Bonge lililofanyika mguuni huweza kung'oka likapanda mpaka mapafuni, na aliyekuwa akizungumza asubuhi akafariki adhuhuri. Ndiyo sababu waliolazwa walidungwa heparini, dawa iliyovumbuliwa Marekani mwaka 1916. Twaiita dawa ya kuyeyusha damu, jina lisilo sahihi, maana haiyeyushi kitu: huizuia damu isizidi kuganda, na mwili wenyewe ukalimaliza bonge taratibu. Wala wingi wake si shifaa, kwani majaribio yaliyochapishwa mwaka 2021 yalidhihirisha kwamba kipimo kikubwa hakikuwafaa wagonjwa mahututi.

Dengi nayo huziangusha chembe sahani, zile zizibazo tundu za mishipa, ambazo kwa mtu mwenye siha hazipungui 150,000 katika mikrolita moja ya damu. Zikiporomoka, fizi na pua huvuja. Na aliyemeza aspirini, ambayo huzidhoofisha hata hizo chache zilizosalia, amejiongezea balaa kwa mkono wake.

Mashaka zaidi yamo kwa mwenye maradhi ya moyo atumiaye warfarini, dawa nyingine izuiayo damu kuganda, iliyouzwa kwanza kama sumu ya panya mwaka 1948 (asishtuke, kipimo chake ni kingine kabisa), na ambayo hata sahani ya kisamvu ikizidi huipunguza nguvu. Huyu, homa ikimpata, asiiache kwa rai yake wala asiendelee nayo kimyakimya, bali amwarifu tabibu apimwe damu.

Basi, msomaji, ukishikwa na homa masika haya, nenda ukapimwe hospitali ya Bombo, Tanga, au zahanati iliyo karibu nawe, malaria ikiwemo. Na hadi majibu yatoke, aspirini iache dukani, utulize maumivu kwa parasetamoli.