Pora, jimbi na jogoo: Yupi abaki bandani?

Nyuma ya nyumba yangu nina kuku majike tisa na, hadi mwezi uliopita, nilikuwa na madume watatu. Hesabu hiyo ilikuwa na kasoro. Mwenye kuku wachache wa nyumbani, dume mmoja humtosha kwa majike wanane hadi kumi. Madume wakizidi, majike hawapati nafasi ya kupumua: hupandwa kutwa, migongo ikanyonyoka manyoya, wengine wakashinda wamejificha vichakani. Na kwa mayai ya chai ya asubuhi, dume hahitajiki kamwe, kwa kuwa kuku hutaga bila yeye. Hufugwa kwa ajili ya vifaranga na kwa ajili ya ulinzi. Basi ilinibidi nimchague mmoja, wawili waondoke. Nilidhani ni kazi ya dakika tano.

Haikuwa hivyo, na nitaeleza kwa nini, maana tatizo lenyewe lilianzia katika taaluma yangu ya lugha.

Muuzaji wa vifaranga alikuwa ameniambia kwamba baadhi yao huenda wakawa "kokareli". Mimi nilichukia neno hilo, nikawa nawaita wote watatu "majogoo", nikajiona nimesema Kiswahili. Kisha mama mkwe wangu, mzaliwa wa Mji wa Kale, Mombasa, akaja kututembelea. Baada ya shikamoo na chai, nikampeleka nyuma.

"Mama, nishauri. Nimwache jogoo yupi?"

"Jogoo yuko wapi, mwanangu? Hapa mimi naona mapora."

Nikaona haya kidogo. Pora ni kuku dume kijana, ambaye bado hajaanza kuwika, au ndiyo kwanza anajaribu na sauti inamkwama kooni. Akikomaa huwa jogoo, au jimbi, kama wasemavyo baadhi ya watu wa pwani (tusimchanganye na jimbi lile la kuchemshwa, ndugu yake nduma). Kwa upande wa majike, kifaranga akikua huwa tembe, yaani jike ambaye hajataga. Akianza kutetea, ile sauti ya kuku anayetafuta pa kutagia, huyo ni mtetea. Akishataga na kuangua, ni koo.

Msamiati huu umo kamusini na nimeufundisha miaka nenda miaka rudi, ila niliufundisha kama orodha ya kukaririwa kabla ya mtihani. Kwa mama mkwe, kila neno lilikuwa na kazi yake. Jogoo unaweza kumtolea uamuzi. Pora unamtazama kwanza. Mimi, kwa kuwaita majogoo kabla ya wakati, nilikuwa nimeanza kuwapima kwa mambo ya jogoo: ukubwa, mkia, na upanga, yaani ile nyama nyekundu iliyosimama utosini.

Kwa vigezo hivyo mshindi alikuwa mmoja tu. Alikuwa pora mwekundu, mrefu, mwenye shingo ya kukufanya ufikiri ana damu ya kuchi, wale kuku wa pwani wanaosifika kwa kupigana. Tena alikuwa kipenzi cha mjukuu wangu wa miaka saba. Alipokuwa kifaranga aliteguka mguu, na mtoto huyu akamlea mkononi, akimlisha mahindi kiganjani na kumbeba kila mahali. Wa pili alikuwa mweupe, mwenye kelele nyingi. Wa tatu alikuwa wa madoadoa ya kijivu, mdogo kuliko wenzake, na ukimkaribia alikuwa anakwenda zake.

"Waangalie wakila," mama mkwe alisema, "si wakiwika."

Akarusha konzi ya mtama. Mwekundu na mweupe wakainamisha vichwa wakala. Yule wa madoadoa alidona punje, akaiangusha, akaidona tena, huku akitoa sauti fupifupi za harakaharaka. Matembe wawili wakaja mbio, wakaila ile punje na nyingine zilizokuwa karibu. Yeye akasimama kando, shingo juu, akitazama huku na huku.

"Huyu yuwaita," alisema mama mkwe. "Wale wala tu." (Kwa Kimvita, "wala" hapo ni "wanakula".)

Huku kuita kumechunguzwa sana na wanasayansi. Mwaka 1993 Christopher Evans, Linda Evans na Peter Marler walichapisha utafiti unaoonyesha kwamba jogoo ana sauti moja ya kutahadharisha anapoona adui wa angani, kama vile mwewe, na nyingine tofauti kwa adui wa ardhini. Kuku majike waliposikilizishwa sauti hizo zilizorekodiwa, bila ya jogoo wala adui kuwapo, walijibu ipasavyo: kwa sauti ya mwewe walikimbilia kujificha na kutazama juu, kwa ile nyingine walisimama wima na kuangaza pembeni. Mwanaisimu akisoma hayo hukaa kitako. Sithubutu kuziita sauti hizo maneno, kwa sababu jogoo hazipangi upya akatunga habari ya mwewe wa jana. Lakini zinarejelea kitu, na msikilizaji anakitambua kitu hicho bila kukiona. Pora asiyeita chakula na asiyetazama juu ana upungufu mkubwa, hata awe na upanga wa kifalme.

Na kuwika je? Watafiti wa Japani, Tsuyoshi Shimmura na Takashi Yoshimura, walionyesha mwaka 2013 kwamba jogoo huwika alfajiri kwa kuongozwa na saa iliyo mwilini mwake, hata akiwekwa pasipopambazuka. Mwaka 2015, wao na mwenzao wakaonyesha kwamba majogoo wakiwa pamoja, mbabe ndiye huanza na wengine hufuata kwa vyeo vyao. Kwa hiyo yule anayekuamsha wa kwanza anakupa habari ya ubabe wake. Habari ya ulezi hakupi.

Maadamu tumefika kwenye kuwika, nijibu swali ambalo wanafunzi huniuliza kila mwaka. Tunasema "jogoo anawika, majogoo wanawika", kwa kuwa ni kiumbe hai. Mbona basi methali inasema "jogoo la shamba haliwiki mjini"? Upatanisho huo wa LI-YA humtazama jogoo kama kitu kikubwa, kizito, na mara nyingi unabeba dharau. Huyo wa shamba amekuja mjini na kifua mbele, na methali inamteremsha kwa kiambishi tu. Ukiisahihisha iwe "jogoo wa shamba hawiki", sarufi itaridhika na kejeli itakufa.

Narudi bandani. Bado nilikuwa namtetea yule mwekundu moyoni. Siku ya tatu ya ugeni wa mama mkwe, mjukuu alipokwenda kumlisha kama kawaida, pora huyo alishusha bawa moja, akamzunguka, kisha akamrukia. Kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu, kilikuwa bado kidogo, ila kilimchana mtoto chini ya jicho. Vidole viwili juu zaidi, ningekuwa naandika mambo mengine.

Wafugaji wazoefu wanalijua hili. Pora anayebebwa na kulishwa mkononi hupoteza woga wa binadamu, na akibalehe humwona mtu kama dume mwenzake wa kushindana naye. Yule anayekukwepa kwa heshima mara nyingi ndiye salama. Juu ya hayo, ukali una sehemu yake ya kurithiwa, na dume mmoja ni nusu ya kila kifaranga utakachoangua.

Nilimweleza mjukuu hayo kama ninavyowaelezea ninyi. Akanisikiliza, plasta shavuni, kisha akauliza, "Babu, kwa hivyo ni mimi niliyemharibu?"

"Wewe ulimponya mguu," nikajibu.

"Sikuuliza hilo."

Nimetahini tasnifu nyingi za uzamifu, na sikumbuki mtahiniwa aliyenibana hivyo. Nilimwambia ukweli: kwamba kumlea kulichangia, kwamba hakujua, na kwamba mimi mtu mzima nilipaswa kujua.

Mweupe nilimpa mwenzangu asiye na jogoo. Mwekundu sikumpa mtu. Kumhamishia jirani mwenye watoto si haki. Alichinjwa Ijumaa. Mjukuu hakula, wala hakuna aliyemlazimisha. Wa madoadoa akabaki, nami nitamtumia mwaka mmoja au miwili kisha nibadilishane na mfugaji wa mbali, asije akawapanda binti zake.

Limebaki jambo moja. Jike huhifadhi mbegu ya dume mwilini kwa muda wa wiki mbili hivi, pengine zaidi, kwa hiyo anayetaka vifaranga vya dume mpya pekee hungoja kama wiki tatu kabla ya kumwekea koo mayai ya kuatamia. Nililisema hilo mezani, kwa mazoea ya kueleza kila kitu. Mtoto akashuka kitini, akaenda kuhesabu siku kwenye kalenda ya jikoni.

Jumapili nilikuta mayai mawili chini ya koo, yamewekewa alama ya penseli. Nilitaka kuyatoa. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameyaona kabla yangu, akasema, "Yaache."

Mayai ya kuku huanguliwa kwa siku 21. Leo ni ya 12. Mjukuu amesema mwenyewe kwamba safari hii akizaliwa pora hatamshika.