Je, Wajua? Kiwiko Kinauma, Kazi ni ya Kifundo cha Mkono

Je, wajua kwamba maumivu yaitwayo "kiwiko cha tenisi" yaliandikwa na daktari kabla tenisi ya nyasi haijapata hataza? Runge, daktari wa Kijerumani, aliyaeleza mwaka 1873 alipoandika habari za watu walioteswa na mkono kwa sababu ya kuandika mno. Mwingereza Walter Wingfield alipata hataza ya mchezo wake mwaka 1874. Jina la tenisi lilifuata baadaye, likashika, ingawa wengi wanaougua hawajawahi kugusa raketi. Ni mafundi rangi, maseremala, wapishi, wafuaji, na hasa watu wa miaka 35 hadi 55.

Mtazame anayekuna nazi. Amekaa juu ya mbuzi, kifuu amekikamata kwa vidole vyote, na kifundo cha mkono kinazunguka huku na huku bila kupumzika. Kiwiko chenyewe hakisogei sana. Lakini msuli unaokaza kifundo kila unapofumba mkono haukuanzia kiganjani: umeshikizwa kwa kano kwenye nundu ndogo ya mfupa, upande wa nje wa kiwiko. Kila mzunguko unaivuta kano ileile. Ndiyo maana kukamua shuka, kuzungusha bisibisi, hata kuinua birika la chai, huchoma palepale kwenye nundu.

Unaweza kujipima. Nyoosha mkono mbele, kiganja kikitazama chini, kisha mtu akandamize kidole chako cha kati nawe umzuie. Ukisikia uchungu kwenye nundu ile, yaelekea ni ugonjwa huu. Uchungu ukiwa upande wa ndani wa kiwiko, huyo ni ndugu yake, "kiwiko cha gofu".

Je, wajua kwamba kano hiyo mara nyingi haina uvimbe wa moto kama ilivyodhaniwa? Mwaka 1979 madaktari wa Marekani, Nirschl na Pettrone, walieleza walichokiona kwenye kano za wagonjwa waliopasuliwa: nyuzi zilizovurugika na vijishipa vya damu vilivyoota ovyo. Kano ilikuwa imechakaa, ikajaribu kujiponya, ikashindwa.

Jambo hili lina uzito mkubwa kwa mgonjwa, kwa sababu sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe wa moto, hutuliza haraka na wengi huikimbilia. Mwaka 2006 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wagonjwa 198: wengine walipigwa sindano, wengine walifanyishwa mazoezi, wengine waliachwa wangoje. Baada ya wiki 6 wa sindano walikuwa mbele. Lakini asilimia 72 ya waliofanikiwa kwa sindano walirudiwa na maumivu, na mwaka ulipotimia wenzao wote walikuwa na hali bora. Kabla ya kukubali sindano, muulize daktari wako juu ya hilo.

Kano hutaka mzigo mdogo, wa polepole. Chupa ya maji ya nusu lita yatosha. Laza mkono mezani, kiganja chini, kifundo kikining'inia ukingoni. Inua chupa kwa msaada wa mkono mzima, kisha uishushe kwa mkono mgonjwa huku ukihesabu hadi 5. Fanya mara 10, pumzika, rudia mara 2 tena. Uchungu kidogo si neno. Ukilala nao mpaka kesho yake, punguza maji. Vitu vizito uvinyanyue kiganja kikitazama juu. Na uwe na subira: wengi hupona ndani ya mwaka mmoja bila kupasuliwa.

Lakini si kila shida ya kiwiko ni ugonjwa huu: ganzi kwenye kidole cha mwisho na cha pete ni habari ya mshipa wa fahamu, na kiwiko chekundu chenye joto na homa ni cha kupelekwa hospitali siku hiyohiyo.

Sachin Tendulkar, mpiga kriketi wa India, naye alipatwa, akapasuliwa kiwiko London mwaka 2005. Februari 2010, akiwa na miaka 36, alipiga mikimbio 200 katika mchezo mmoja wa kimataifa wa siku moja, mwanamume wa kwanza kufanya hivyo.