Kazi kwa vijana: pesa za majimbo zinasubiri tangu 2006

Kila mwaka, kabla ya tarehe 15 Septemba, serikali ya Kinshasa inapaswa kuwasilisha mbele ya Bunge la taifa mswada wa sheria ya fedha wa mwaka unaofuata. Ndivyo katiba inavyoagiza. Wabunge wanautumia muhula huo wa miezi mitatu kujadili tarakimu, wanapiga kura, kisha mwaka mpya unaanza. Kwa kijana wa Butembo, Bukavu, Bunia ama Kindu mwenye diploma ya chuo kikuu ambaye anaishi kwa kuendesha pikipiki ama kuuza uniti za simu kando ya barabara, mjadala huo unaonekana kuwa wa watu wa mbali. Hata hivyo ndani yake ndimo kunaamuliwa kama jimbo lake litapata barabara, umeme na nafasi za kazi, ama litabaki na mishahara ya maafisa peke yake.

Bajeti ya mwaka 2025 ilipitishwa kwa zaidi ya franga za Kongo bilioni elfu 51, karibu dola bilioni 18. Miezi michache baadaye vita vya Mashariki vililazimisha serikali kurudi bungeni na sheria ya fedha ya marekebisho. Si ajabu: nchi iliyo vitani inabadilisha hesabu zake. Lakini hata katika miaka ya utulivu kidogo, pesa zikipunguka, mishahara haiguswi kwa urahisi, deni linalipwa, na usalama unapewa kwa njia ya dharura. Kinachosogezwa mbele ni uwekezaji. Barabara inaweza kungoja mwaka mwingine, na kituo cha mafunzo ya ufundi vilevile.

Katiba ya Februari 2006 ilitaka kuzuia jambo hilo. Ibara ya 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na kwamba pesa hizo zinakatwa pale pale zinapokusanywa, bila kwanza kusafiri hadi Kinshasa. Ibara ya 181 inaongeza asilimia 10 kwa ajili ya Hazina ya taifa ya usawazishaji, ambayo kazi yake ni kugharamia miradi katika majimbo yaliyobaki nyuma. Sheria ya Oktoba 2008 kuhusu miji, mitaa, sekta na usultani nayo inavipa vyombo hivyo asilimia 40 ya fungu la jimbo. Tuhesabu kwa urahisi: katika franga 100 za mapato ya kitaifa, 40 ni za majimbo, na katika hizo 40, franga 16 zinashuka hadi kwa meya, kwa mkuu wa sekta na kwa sultani. Franga 10 nyingine zinaenda kwenye usawazishaji. Kinshasa inabaki na 50.

Mambo hayaendi hivyo. Mapato yanapanda kwenye akaunti ya hazina kuu, kisha sehemu inarudishwa chini, si kwa kiwango cha katiba wala kwa tarehe inayojulikana. Tena, serikali kuu inahesabu ndani ya fungu la jimbo mishahara ya watumishi wa serikali wanaofanya kazi katika jimbo hilo. Kwa karatasi, jimbo limepokea mengi. Mkononi, liwali anabaki na pesa za kuendesha ofisi, na pesa za ujenzi ni nadra. Hazina ya usawazishaji yenyewe ilipata sheria ya kuiongoza Novemba 2016 tu, miaka kumi baada ya katiba. Katikati ya hapo, mwaka 2015, majimbo yalitoka 11 na kuwa 26. Jimbo la Mashariki likagawanyika kuwa Tshopo, Ituri, Haut-Uele na Bas-Uele. Katanga nayo ikazaa manne. Kila jimbo jipya likahitaji liwali, mawaziri, bunge na magari yao. Mkate ule ule ukakatwa vipande vyembamba zaidi, na kipande cha kwanza kikaenda kwa wakubwa.

Liwali asiyejua atapokea kiasi gani mwezi ujao hawezi kutia sahihi mkataba wa miaka mitatu. Kazi za vijana zinahitaji mikataba ya namna hiyo. Kijana anayejifunza umeme ama uashi katika INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, hapati ajira kwa sababu amepewa cheti. Anapata ajira ikiwa kuna eneo la ujenzi litakalodumu. Serikali haikosi taasisi: kuna ONEM ya kuandikisha wanaotafuta kazi, kuna ANADEC ya kusaidia wajasiriamali, kuna sheria ya Septemba 2022 kuhusu kampuni changa. Mpango wa serikali ya Waziri mkuu Judith Suminwa wa 2024-2028 unaweka ajira mbele kabisa. Kinachokosekana ni pesa zinazojulikana mapema na zisizokatika katikati ya safari.

Mfano ulio wazi zaidi uko shuleni. Tangu elimu ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019, madarasa yamejaa na vijana wengi wameingia kufundisha. Kati yao kuna wale wote wanaojulikana kwa jina la NU, walimu wapya wanaofundisha miaka na miaka wakingoja jina lao litokee kwenye orodha ya malipo. Upande mwingine wa chumba hicho hicho kuna mwalimu mzee aliyepita umri wa kustaafu. Haondoki, kwa sababu akiondoka bila malipo yake ya mwisho wa kazi atakula nini? Mzee anangoja pesa ili atoke, kijana anangoja mzee atoke ili alipwe. Bajeti ya mwaka mmoja inawaona hawa kama matumizi mawili ya kuahirishwa. Bajeti ya miaka mitano ingeweza kuonyesha ni wazee wangapi watatoka kila mwaka, gharama yao, na vijana wangapi wataingia. Hesabu hiyo si ngumu. Umri wa watumishi unajulikana.

Mradi wa maendeleo ya wilaya 145, PDL-145T, ulikuwa jaribio la kutoka katika mtego huo. Ulipangiwa dola bilioni 1.66 kwa shule, vituo vya afya, majengo ya utawala na barabara za mashambani, ukakabidhiwa kwa PNUD, BCeCo na CFEF. Ni wazo zuri kwamba pesa zilipangwa kwa wilaya zote, hata zile ambazo hakuna mkubwa anayetoka huko. Lakini jengo moja linahesabiwa katika mradi, na mwalimu ama muuguzi wa kuingia ndani yake anatafutwa katika bajeti nyingine, mwaka mwingine. Shule nzuri yenye walimu wasiolipwa si kazi kwa kijana.

Kuna mahali ambapo pesa zinashuka kwa kweli. Sheria ya madini iliyorekebishwa Machi 2018 inagawa ushuru wa uchimbaji namna hii: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa chombo cha mashinani ambamo mgodi upo, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Huko Lualaba, mtaa ama usultani wenye mgodi mkubwa wa shaba na kobalti unaweza kupokea pesa nyingi kuliko wilaya nzima za Kivu. Ndiyo maana kugawa kwa asilimia peke yake hakutoshi. Dhahabu ya Kamituga na koltani ya Masisi zinatolewa hasa na wachimbaji wadogo, ambao hawamo katika hesabu ya ushuru huo wa makampuni. Udongo ni tajiri, vijana wanaingia mashimoni kwa maelfu, na sanduku la usultani linabaki tupu. Usawazishaji uliwekwa kwa ajili ya hali kama hii.

Marekebisho yenyewe hayahitaji kubuniwa upya. Sheria ya fedha za umma ya Julai 2011 ilishaagiza bajeti ya programu: wizara inapewa pesa kwa lengo la miaka kadhaa na inaulizwa matokeo, badala ya kupewa kwa mistari ya magari, karatasi na safari. Kuanza kwake kumeahirishwa zaidi ya mara moja. Shirika la fedha la kimataifa, ambalo Januari 2025 liliidhinisha kwa Kongo programu mpya ya miaka mitatu, linasisitiza kupunguza malipo ya dharura yanayoruka hatua za kawaida. Wapinzani wa kukata pesa pale zinapokusanywa wana hoja pia: majimbo mengi hayana wahasibu wa kutosha, na wizi wa mashinani ni wizi vilevile. Ni kweli. Ila Bukanga-Lonzo, shamba kubwa lililozinduliwa mwaka 2014 likaachwa baada ya miaka michache, lilisimamiwa kutoka Kinshasa, si kutoka kwa sultani yeyote.

Mashariki kuna ugumu wa ziada. Kivu ya Kaskazini na Ituri zimo katika hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, na mabunge ya majimbo hayo yamesimamishwa. Hakuna mjumbe wa jimbo wa kumuuliza liwali wa kijeshi pesa zilienda wapi. Goma na Bukavu zilianguka mikononi mwa M23 Januari na Februari 2025, benki zikafunga milango, na Kinshasa haikusanyi ushuru huko. Pesa zilizoandikwa kwa Masisi, Rutshuru ama Kabare zisipotumika hadi Desemba, zinafutika na mwaka wake. Hilo wabunge wa Mashariki wanaweza kulidai katika muhula wa bajeti bila kungoja amani: fungu la wilaya zilizo vitani lihifadhiwe mwaka hadi mwaka, kwa jina la wilaya, na kiambatisho cha sheria ya fedha kionyeshe kila jimbo liliahidiwa nini na lilipokea nini katika miaka mitatu iliyopita.