Kingereza cha karatasi na Kingereza cha kinywa: habari ya shule za Japani



Mara mingi kiisha mutihani tunasikia neno hili: «Kingereza kiko katika kaye yangu, lakini katika kinywa hakiko.» Watu wanacheka, kisha wanasema ni uvivu. Leo tunataka kuwaeleza habari ya inchi moja ambamo watoto si wavivu hata kidogo, lakini wanasema neno lile lile. Ni Japani. Kule mutoto anajifunza Kingereza miaka sita katika sekondari, mitatu ya chini na mitatu ya juu. Anajua gramere vizuri sana. Lakini mugeni akimuuliza njia ya kwenda gare, wengi wanatazama chini. Namna gani?

Tuanze mbali kidogo. Kwa miaka zaidi ya 200 wakubwa wa Japani walifunga milango ya inchi yao. Wazungu waliokubaliwa kufanya biashara ni Waholandi peke yao, nao walikaa katika kisanga kidogo cha Dejima, mbele ya muji wa Nagasaki. Basi kijana aliyetaka elimu ya Ulaya alipashwa kujifunza Kiholandi. Mumoja wao aliitwa Fukuzawa Yukichi. Alijichosha na luga ile kwa miaka, muchana na usiku. Mwaka 1859, wakati bandari ya Yokohama ilifunguliwa kwa wageni, alikwenda kule kwa miguu toka Edo (ndiyo Tokyo ya leo) kujaribu Kiholandi chake. Alitazama maandiko juu ya milango ya maduka: hakuweza kuyasoma. Alisema na wenye maduka: karibu wote hawakumusikia. Ilikuwa Kingereza! Alirudi na moyo umevunjika, lakini hakukaa kulia. Alianza upya toka A. Mwalimu alikuwa shida kupata, basi kamusi ikakuwa mwalimu. Huyu ndiye serikali ilichapa uso wake juu ya noti ya yen 10.000 tangu 1984, mpaka noti mpya yenye uso wa mutu mwingine ilipotokea mwaka 2024.

Kwa wakati ule wamisionere Waprotestanti nao walifika. Dini ya Kikristo ilikuwa bado inakatazwa. Mbao za serikali zenye kuikataza ziliondolewa mwaka 1873 tu. Kuhubiri wazi hakukuwezekana, basi walifundisha Kingereza. Munganga James Hepburn alitoa kamusi ya Kijapani na Kingereza mwaka 1867. Bibi yake Clara alikuwa amekwisha kufungua shule ndogo katika Yokohama mwaka 1863. Mwaka 1876 Mwamerika William Smith Clark alifika Sapporo, kule kaskazini penye baridi, akakaa miezi nane hivi tu. Katika shule ile ya kilimo masomo yalifanywa kwa Kingereza. Wanafunzi wawili walioingia nyuma yake, Uchimura Kanzo na Nitobe Inazo, baadaye waliandika vitabu kwa Kingereza wao wenyewe, na vitabu vile vilisomwa Ulaya na Amerika.

Basi kama wale waliweza, sababu gani wajukuu wao wanashindwa? Hapa ndipo tulishangaa sana. Kingereza kilianguka juu ya maendeleo! Wajapani walitafsiri vitabu vya dawa, vya sheria, vya mashini. Walifanya maneno mapya. Walipata maprofesa wao wenyewe. Kiisha miaka makumi machache tu kijana aliweza kusoma fizika mpaka universite kwa Kijapani. Ni jambo kubwa, nasi hatulizarau. Lakini tangu pale Kingereza hakikuwa tena njia ya kupitia, kilikuwa somo tu, saa chache kwa juma. Tujiangalie sisi: Kifaransa tunakisema, si juu ya saa ya Kifaransa peke yake, ni juu mwalimu wa jeografia anakisema, na wa kemia, na prefe akitugombeza.

Na somo lenyewe lilifundishwa namna gani? Wajapani wako na desturi ya zamani sana ya kusoma maandiko ya Kichina. Hawakujifunza kuyasema kama Wachina. Walitia alama ndogo kando ya maneno kuonyesha lipi lisomwe mbele na lipi nyuma, na hivi Kichina kiligeuka Kijapani pale pale machoni. Desturi ile waliihamisha kwa Kingereza, nayo inaitwa yakudoku, maana yake kutafsiri na kusoma. Chukueni maneno haya: «Mwalimu anasoma kitabu.» Kingereza kinafuata mupango uleule kama Kiswahili. Kijapani kinasema: «Mwalimu kitabu anasoma.» Basi katika vitabu vya zamani waliandika namba juu ya maneno ya Kingereza: 1, 3, 2. Mwanafunzi anaruka toka neno la kwanza mpaka la mwisho, halafu anarudi katikati. Kwa maneno matatu si kitu. Kwa maneno makumi matatu, ni kama mutu anayevuka muto kwa kurukia mawe, mbele na nyuma. Anafika, na maana anaipata sawasawa. Lakini hakuna mutu anaweza kusikia hivi, juu anayesema hatakungojea urudi nyuma kuhesabu namba!

Hatutaki mufikiri kwamba yakudoku ni ujinga. Kwa njia ile Wajapani walisoma elimu ya dunia yote. Na ilifaa kwa darasa la watoto wengi na mwalimu ambaye hakusikia Mwingereza hata siku moja. Mwingereza Harold Palmer aliitwa kule mwaka 1922, na mwaka 1923 alifungua chuo katika Tokyo cha kutafuta njia bora. Alitaka masikio na kinywa vitangulie, kalamu ifuate. Alifanya kazi mpaka 1936. Walimu wengine walimufuata, lakini mutihani wa kuingia shule za juu ulibaki wa karatasi, na mwalimu anafundisha kile ambacho mutihani unauliza. Kisha vita ikaja, Kingereza kikaitwa luga ya adui. Hata katika mupira wa bezboli neno «sutoraiku» liliondolewa mwaka 1943, wakasema «yoshi» pahali pake.

Lile neno «sutoraiku» linaonyesha shida ingine. Kijapani hakipendi konsona mbili zifuatane, kinatia vokali katikati, na L na R ni sauti moja tu. Sisi tusicheke: nani kati yetu hasemi «bulangeti»?

Mwaka 1987 serikali ilianza mupango unaoitwa JET. Vijana 848 toka Amerika, Uingereza, Australia na New Zealand waliitwa kusaidia walimu, na nyuma walikuja maelfu toka inchi nyingi. Walimu wawili darasani, Mujapani na mugeni. Wanafunzi walifurahi kuona kwamba Kingereza kiko luga ya watu wenye kucheka. Lakini malalamiko yaliyosikiwa mara mingi ni haya: mutihani ukikaribia, mugeni anaombwa tu kusoma kwa sauti, sawa vile redio, kisha ubao unarudi kwa gramere.

Basi serikali ikaanza kugusa mutihani wenyewe. Mwaka 2006 sehemu ya kusikiliza iliingia katika mutihani mukubwa wa inchi wa kuingia universite. Tena wakataka kusema na kuandika vipimwe pia, kwa mitihani ya makampuni mbalimbali ya kulipa, kwa wale wangeingia universite mwaka 2021. Hapo maneno yakawaka. Mitihani mingine garama yake ilipita yen 20.000 kwa mara moja. Mutoto wa Tokyo angepanda treni ya dakika chache. Mutoto wa kisanga cha mbali angelipa safari na pahali pa kulala. Na mwenye feza angejizoeza mara nyingi mbele ya zile mbili zinazohesabiwa. Mwezi wa tisa 2019 chama cha wakubwa wa shule za sekondari ya juu kiliomba jambo liahirishwe. Mwezi wa kumi Ministri wa Elimu, Hagiuda Koichi, alisema katika televizyo kwamba kila mwanafunzi ashindane kwa kadiri ya hali yake. Watu walisikia hivi: masikini abaki masikini. Aliomba musamaha, na tarehe 1 ya mwezi wa kumi na moja aliahirisha mupango. Mwaka 2021 uliachwa kabisa.

Sisi wenyewe hatukupatana juu ya neno hili. Wamoja kati yetu wanasema walifanya vizuri, juu mutihani wenye kupima mufuko wa baba si mutihani. Wengine wanajibu kwamba sasa kinywa kitaendelea kulala. Wote wawili wako na haki, na hii ndiyo shida yenyewe.

Mutihani mupya wa inchi ulioanza mwezi wa kwanza 2021 uko na pointi 100 za kusoma Kingereza na 100 za kusikiliza. Kusema hakuko ndani. Watoto wa shule ya musingi nao wameanza: tangu 2020 Kingereza ni somo kamili katika mwaka wa tano na wa sita. Na katika Tokyo, tangu mwisho wa 2022, wanafunzi wenye kumaliza sekondari ya chini wanafanya mutihani wa kusema. Wote wanakaa katika chumba kimoja, wamefunika masikio, na kila mumoja anajibu kwa Kingereza mbele ya mashini ndogo, hakuna mutu wa kumujibu.