RAM, Kumbukumbu Inayovuja

Kipande cha RAM cha gigabaiti 8, kile cha kompyuta ya mezani chenye urefu wa sentimita 13 na ushei, kina kapasita zaidi ya bilioni 68. Kila moja hutunza biti moja tu: ikiwa na chaji inasomeka moja, ikiwa tupu inasomeka sifuri. Na zote zinavuja. Hata kama umefungua ukurasa mmoja wa Chrome na umeketi tu unausoma, elektroni zinatoroka kutoka kwenye kila kapasita, na asipokuwepo wa kuzirudisha, ukurasa wenyewe utageuka takataka mbele ya macho yako.

Wa kuzirudisha yupo. Ni kidhibiti cha kumbukumbu, ambacho siku hizi kimo ndani ya prosesa. Kwenye RAM za DDR4, kila safu ya kapasita hujazwa upya angalau mara moja katika kila milisekunde 64. Chipu ikipata joto la kupita nyuzi 85 za Selsiasi, muda huo unakatwa nusu, kwa kuwa joto huongeza uvujaji. Ni ndoo bilioni 68 zilizotoboka, na mtumishi mmoja anayezizungukia zote mara 15 kwa sekunde kuongeza kilichopungua, mchana na usiku, mradi kompyuta inawaka. Umeme ukikatika mtumishi anasimama, na barua uliyokuwa hujaisevu imekwenda.

Mtu atauliza: kwa nini basi tutumie kitu kinachovuja? Jibu lina jina la mtu. Mwaka 1966, mhandisi wa IBM aitwaye Robert Dennard alikuwa akifanya kazi kwenye kumbukumbu ya chipu ambayo kila biti yake ilihitaji transista sita. Alisikiliza wenzake wa kikundi kingine wakieleza kumbukumbu yao ya sumaku ilivyo rahisi kuunda, akarudi nyumbani akiumwa na swali moja: kwa nini yangu iwe na vitu vingi hivi? Jioni hiyo hiyo akapata wazo la kutunza biti kama chaji ndani ya kapasita, wazo lililoishia kwenye kapasita moja inayolindwa na transista moja tu. Hati ya ugunduzi ilitolewa mwaka 1968. Dennard alifariki Aprili 2024 akiwa na miaka 91, na RAM kuu iliyomo ndani ya kompyuta, simu na televisheni za leo ni ya ukoo wa wazo lake. Uvujaji ndio bei tunayolipa ili chembe ya kumbukumbu iwe ndogo kupita kiasi, na rahisi kupita kiasi.

Bei nyingine haijulikani sana. Kusoma biti ya RAM ni kuiharibu. Mlango wa transista unapofunguliwa, chaji ile kidogo, elektroni makumi ya maelfu tu, inamwagika kwenye waya, kifaa cha kuhisi kinaamua kama ilikuwa moja au sifuri, kisha kinaiandika upya palepale. Kila unachokisoma kimefutwa na kuandikwa tena kabla hakijakufikia.

Uvujaji wenyewe, hata hivyo, si wa ghafla kama watu wanavyodhani. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzao walionyesha kwamba RAM ikipozwa vizuri kabla ya kuzima mashine, yaliyomo hubaki kwa dakika kadhaa. Waligeuza kopo la hewa ya kusafishia kibodi juu chini, wakanyunyizia chipu zikashuka hadi nyuzi 50 chini ya sifuri, wakachomoa vipande, wakavichomeka kwenye mashine nyingine na kusoma funguo za siri za diski. Anayelala akiwa ameacha laptopu yake kwenye hali ya usingizi hotelini na akilijua hilo, atalala kwa mang'amung'amu.

Sasa tuje kwenye kasha lililo chini ya meza. Chukua mfano wa mashine ambayo vijana wengi wameiunga wenyewe kwa sababu haihitaji kadi ya grafiki: prosesa ya AMD Ryzen 5 5600G, iliyotoka mwaka 2021, juu ya mazabodi ya B450 au B550. Mara nyingi pesa inaishia kwenye prosesa na SSD, kwa hiyo kijana ananunua kipande kimoja cha gigabaiti 8 na kuahidi kwamba kingine kitafuata. Akiwasha, Windows haimwonyeshi 8 kamili. Kuna kiasi kimekatwa, na si wizi. Grafiki zilizomo ndani ya prosesa hiyo hazina kumbukumbu yao wenyewe, zinakula kwenye hiyo hiyo RAM ya mashine.

Kwa mashine ya namna hii, kipande cha pili kinaleta zaidi ya gigabaiti 8 nyingine. Prosesa ina njia mbili za kwenda kwenye RAM, kila moja ya biti 64. Kipande kimoja kinatumia njia moja na nyingine inakaa bure. RAM ya DDR4 ya kasi ya 3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde kwenye njia moja. Vipande viwili, kila kimoja na njia yake, vinafika 51.2. Kazi ya kuandika barua haitaona tofauti hiyo. Gemu itaiona, kwa sababu grafiki ndizo zenye njaa ya upana wa barabara. Ndiyo maana kwa maoni yangu vipande viwili vya 8 ni bora kuliko kimoja cha 16 kwa mwenye 5600G, hata kama muuzaji anaapa kwamba 16 ni 16.

Lakini njia ya pili haijifungui kwa kuchomeka popote. Kwenye mazabodi yenye sloti nne, sloti mbili za kwanza ni za njia moja na mbili zinazofuata ni za njia nyingine. Kwa bodi nyingi, vipande viwili vinakaa sloti ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, zile zenye maandishi madogo A2 na B2. Ukivibananisha pamoja kwenye mbili za karibu, mashine itawaka, gigabaiti zote zitaonekana, na nusu ya barabara itabaki imefungwa bila yeyote kukuambia.

Kuhusu kuchomeka kwenyewe: zima, chomoa waya wa umeme, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja ili chaji iliyobaki kwenye pawasaplai iishe, kisha gusa chuma cha kasha. Umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuuhisi, ingawa kwa hewa yenye unyevu ya Tanga au Mombasa hatari ni ndogo kuliko Dodoma wakati wa kiangazi. Fungua klipu. Tazama pengo dogo kwenye ukingo wenye pini. Halipo katikati kabisa, kusudi usichomeke kinyume. Pengo hilo hilo linazuia DDR3 isiingie kwenye sloti ya DDR4, wala DDR4 kwenye ya DDR5, maana kila kizazi kina volti zake: 1.5, 1.2 na 1.1 kwa mfuatano huo. Kisha kandamiza kwa vidole gumba viwili, upande huu na upande ule. Hapa ndipo wengi huogopa. Kinahitaji nguvu kuliko unavyotarajia, bodi inapinda kidogo, na klipu inajifunga yenyewe kwa mlio. Usiposikia mlio, hakijaingia. Fundi wa kweli ukimpigia simu kwamba umeongeza RAM na mashine haionyeshi picha, swali lake la kwanza litakuwa: umekandamiza?

Swali lake la pili litakuwa: umesubiri? Mashine ikikuta RAM mpya, hujifunza kwanza. Inapima ishara za kila waya, inarekebisha muda kwa vipande vidogo vya sekunde ambavyo akili haivishiki, na wakati wote huo kioo ni cheusi. Kwa DDR4 ni kitambo kidogo. Kwa DDR5 inaweza kuchukua dakika kadhaa, na mtu anayezima kwa hofu anairudisha mashine kuanza upya.

Ikishawaka, ingia BIOS. RAM iliyoandikwa 3200 au 3600 kwenye kasha lake mara nyingi itaanza kwa 2133, 2400 au 2666, kasi ya tahadhari ambayo kila bodi inaiweza. Kasi uliyolipia imeandikwa ndani ya chipu ndogo iliyobandikwa kwenye kipande chenyewe, na inasubiri uiamshe kwa kuwasha XMP, ambayo baadhi ya bodi za AMD huiita DOCP. Watu wamekaa miaka na RAM ya 3600 inayotembea kwa 2133. Na ukiona programu ya CPU-Z inakuandikia 1600 wakati umenunua 3200, usimgombeze muuzaji. Data inasafiri mara mbili katika kila mpigo wa saa, na programu inahesabu mipigo.

Je, kipande kipya kifanane na cha zamani? Kikitofautiana, vyote viwili vitatembea kwa mwendo wa kile cha polepole, na mara nyingi maisha yanaendelea. Mara nyingine mashine inazimika bila sababu ukiwa katikati ya kazi. Hata vipande vya chapa moja na namba moja, vikitengenezwa miezi tofauti, vinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, ndiyo maana huuzwa viwili viwili katika paketi moja vikiwa vimepimwa pamoja. Vinne navyo si mara mbili ya viwili kwa kila kitu. AMD yenyewe, kwa prosesa za Ryzen 7000, inaahidi kasi ya 5200 kwa vipande viwili vya DDR5, na 3600 tu kwa vinne.

Kiasi gani kinatosha? Gigabaiti 16 zinawatosha wengi, 32 kwa anayehariri video, na kutoka 32 kwenda 64 mtu wa kawaida hataona chochote isipokuwa pengo mfukoni. RAM haiongezi mbio, inaondoa kusubiri. RAM hujibu chini ya nanosekunde 100. Ikijaa, Windows inahamishia mizigo kwenye diski, na diski ya zamani ya kuzunguka hujibu kwa milisekunde kama 10, yaani mara laki moja zaidi. Kwa hiyo mwenye mashine nzito yenye diski ya kuzunguka anunue SSD kabla hajagusa RAM. Na asishtuke kuona RAM iliyobaki wazi kabisa ni kidogo hali hajafungua kitu. Mfumo unaweka humo vitu anavyovitumia mara kwa mara, na utaviondoa nafasi ikihitajika. Programu zinazojidai kusafisha RAM zinafuta kazi nzuri iliyokwisha kufanywa.

RAM pia hukosea. Mwaka 2003, katika uchaguzi wa Schaerbeek huko Ubelgiji, mashine ya kura ilimpa mgombea mmoja kura 4,096 za ziada, nyingi kuliko zilizowezekana, ndipo kosa likagunduliwa. Namba 4,096 ni zao la mbili kumi na mbili zilizozidishwa pamoja, yaani thamani ya biti moja, ile ya kumi na tatu. Programu ilikaguliwa na haikuonekana na hitilafu. Maelezo yaliyobaki ni kwamba biti ile iligeuka yenyewe, pengine kwa kupigwa na chembe kutoka angani. Seva hutumia RAM yenye uwezo wa kujisahihisha. Ya nyumbani kwa kawaida haina uwezo huo kamili.

Kukosea huko kunanifikisha kwenye RAM za mtumba, zinazotamanisha zaidi tangu bei ya RAM mpya ilipopaa duniani kote mwishoni mwa 2025. Kampuni tatu, Samsung, SK Hynix na Micron, hutengeneza sehemu kubwa kabisa ya chipu hizi, na vituo vya akili bandia vilianza kuzinunua kwa pupa. Kipande kilichochomolewa kwenye mashine ya Ex-UK hakina ubaya: RAM haichakai kwa kuandikwa kama SSD inavyochakaa. Ila soma kibandiko. Vipande vya seva huuzwa kwa bei ya kuvutia mno, vya DDR4 vinaingia kwenye sloti bila shida, na mashine ya nyumbani haitawaka navyo. Ukikuta PC4-2400T ikifuatwa na herufi R, na chipu ya ziada imekaa katikati ya kipande, kiache. Unayoitaka ina U. Kisha iweke programu ya Memtest86+ kwenye flashi, anzisha mashine kutoka humo, na iache ifanye kazi usiku kucha. Ikitokea mstari mwekundu mmoja tu asubuhi, mrudishie mwenyewe kipande chake.