Maambukizi ya Njia ya Mkojo: Dalili na Vipimo

Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita UTI, huanza bakteria wanapopanda kupitia mrija wa mkojo na kuzaliana kwenye kibofu. Mara nyingi ni Escherichia coli, mkazi wa kawaida wa utumbo. Choo cha jumuiya hulaumiwa bure: kwa kawaida bakteria hao hutoka mwilini mwa mgonjwa mwenyewe. Mrija wa mwanamke una sentimita 4 hivi, wa mwanamume karibu 20, ndiyo maana wanawake huugua zaidi.

Kibofu kikiambukizwa, mkojo huunguza. Mgonjwa hubanwa kila mara, na akienda hutoa matone tu. Chini ya kitovu huuma, na mkojo huweza kuwa na ukungu au damu. Homa kali, kutetemeka, kutapika na maumivu ya ubavuni ni dalili kwamba figo zimefikiwa. Hapo ni hospitali, bila kusubiri kesho. Huko Kiruruma, kama kwingineko katika wilaya za Karagwe na Kyerwa mkoani Kagera, Tanzania, homa ya namna hiyo hudhaniwa upesi kuwa malaria. Malaria ipimwe, lakini isipoonekana, mkojo nao upimwe. Mtoto mchanga huweza kuonyesha homa tu na kukataa kunyonya. Mjamzito huweza kuwa na bakteria bila dalili yoyote, nao wasipotibiwa huweza kufika kwenye figo. Ndiyo sababu mkojo hupimwa kliniki.

Dalili nazo hupotosha. Utafiti wa HATUA, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania (Mwanza, Kilimanjaro na Mbeya), ulikuta kwamba takriban thuluthi moja tu ya wagonjwa wenye dalili za UTI ndio waliothibitishwa maabara. Kisonono na klamidia pia huunguza mkojo. Kichocho huleta damu.

Kwa kipimo, mkojo wa mwanzo humwagwa, wa katikati hukingwa kwenye kikopo safi. Kijiti cha kupimia mkojo hutoa majibu kwa dakika chache; kuotesha mkojo huchukua siku moja hadi mbili, lakini hutaja bakteria na dawa inayomuua. Kununua vidonge vichache duka la dawa na kuacha nafuu ikianza huwapa bakteria nafasi ya kuwa sugu. Mwanamume mzee anayerudiwa na tatizo hili achunguzwe pia tezi dume, kwa kuwa ikivimba huzuia kibofu kumaliza mkojo.