Kukaa Mbele ya Mwalimu Ukubwani: Aibu Isikufungie Mlango wa Qur'ani

Himidi zote anastahiki Allah (Subhanahu wa Ta‘ala), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika visiwa vyetu mtoto hupelekwa chuoni akiwa bado mdogo sana, pengine kabla hata hajaanza skuli. Kwa ajili hiyo, mtu mzima akionekana msikitini watu huchukulia moja kwa moja kuwa Qur'ani anaisoma. Lakini si wote waliofika. Wapo waliotolewa chuoni mapema wakaingia baharini au shamba kumsaidia mzee. Wapo mabinti walioolewa wakiwa bado wamo katika Juzuu Amma. Wapo waliokhitimu, lakini kwa kufuata sauti za wenzao, na leo ukimfungulia mmoja wao msahafu katikati hajui aanzie wapi. Na wapo ndugu zetu waliosilimu ukubwani ambao herufi za Kiarabu hawakuzikuta kwao.

Wengi wao wamejifunza kuishi na hali hiyo. Hukaa safu ya nyuma wasije wakasukumwa mbele kusalisha. Khitma ikigaiwa majuzuu, hukumbuka ghafla kuwa wana shughuli. Mtoto akileta msahafu asikilizwe, huambiwa, "Mpelekee mama yako." Miaka inapita, na siri inazidi kuwa nzito kuitoa.

Makala hii ni kwa ajili yao, na kwa ajili ya familia zinazoishi nao.

1. Kwa nini jambo hili si dogo

Mtu anaweza kusema: mimi nasali, nafunga, watu sidhulumu, kisomo kizuri ni cha masheikh. Lakini Swala yenyewe imesimama juu ya kisomo. Katika Hadithi ya ‘Ubada bin Swamit (Radhiya Allahu ‘anhu), waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) ameeleza kuwa hana Swala asiyesoma Suratul Fatiha.

Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, ambayo wengi wetu visiwani tunaifuata, wameipima Fatiha herufi kwa herufi. Aya zake ni saba pamoja na Bismillahi, na shadda zake ni kumi na nne. Shadda moja ikiangushwa huhesabiwa kuwa herufi imepungua. Neno "iyyaka" lenye maana ya "Wewe tu", likisomwa bila ya shadda, hutoka katika maana yake na kuwa neno la mwanga wa jua. Na "an‘amta", yaani "Umeneemesha", ikisomwa "an‘amtu" hugeuka kuwa "nimeneemesha", msomaji akajipa neema iliyo ya Allah.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mtihani wetu wa pekee. Herufi nyingi za Kiarabu ambazo ni mbalimbali hutoka kwenye ndimi zetu kwa sauti moja: ha nzito na ha nyepesi, swadi na sini, ‘ayn na hamza, qaf na kaf. Kwa Kiarabu moyo ni "qalb" na mbwa ni "kalb". Asiyefundishwa kuitoa qaf mahali pake hataisikia tofauti, hata akisoma miaka arubaini.

Na hapa ndipo penye uzito kwa baba wa familia. Wanazuoni hao wamesema kuwa asiyeitimiza Fatiha hawi imamu wa anayeitimiza. Ina maana mzee anayewasalisha mkewe na watoto wake nyumbani, na wao wamesoma kuliko yeye, amebeba Swala zao pia.

2. Haya ni imani, aibu hii sivyo

Wengi wanaosita hujitetea kwa kusema, "Naona haya." Haya ni tabia tukufu, na Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) ameihesabu kuwa ni tawi la imani. Lakini haya inayosifiwa ni ile inayomzuia mtu asitende baya. Inayomzuia asijifunze faradhi yake si haya, ni nafsi inayong'ang'ania ilipozoea. Nafsi inapenda mahali ambapo heshima yake haiguswi, na ipo tayari kukaa hapo hata kama mwenyewe anapata hasara.

Mujahid, katika wanafunzi wakubwa wa Ibn ‘Abbas, alisema maneno ambayo Bukhari ameyataja katika mlango wa elimu: kuwa elimu haipati mwenye kuona haya wala mwenye kiburi. Tazama alivyowaweka pamoja. Mmoja anajiona mdogo na mwengine anajiona mkubwa, lakini wote wawili wamekosa kitu kimoja, nacho ni kukubali kuonekana hawajui.

Katika mlango huohuo limetajwa neno la Mama wa Waumini ‘Aisha (Radhiya Allahu ‘anha), aliyewasifu wanawake wa Kiansari kuwa haya haikuwazuia kuifahamu dini yao. Ummu Sulaym (Radhiya Allahu ‘anha) alimuuliza Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) suala la janaba ambalo wengi wangelimeza, na kwa sababu ya ujasiri wake mamilioni ya wanawake wamepata hukumu yao mpaka leo.

3. Wakubwa waliokaa kama wanafunzi

Asidhani mtu kuwa kusoma ukubwani ni jambo la wanyonge. ‘Umar (Radhiya Allahu ‘anhu) aliwahimiza watu waielewe dini kabla ya kupewa uongozi. Bukhari, baada ya kuleta neno hilo, ameongeza: na baada ya kupewa uongozi pia, kwani Masahaba wa Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) walijifunza katika ukubwa wao. Na kweli, Qur'ani iliteremka kwa miaka 23, na wengi wa walioipokea walikuwa watu wazima, wenye wake, watoto na biashara. Abu Hurayra (Radhiya Allahu ‘anhu), ambaye hakuna Sahaba aliyepokea Hadithi nyingi kuliko yeye, alifika Madina mwaka wa 7 wa Hijra akiwa mtu mzima.

Juu yao wote, tazama kisa cha Nabii Musa (‘Alayhis Salaam) katika Suratul Kahf, kuanzia Aya ya 60. Ni Mtume aliyesemeshwa na Allah. Alipoelezwa kuwa yuko mja mwenye elimu ambayo yeye hakupewa, alifunga safari mpaka akachoka, na alipomkuta aliomba kwa adabu amfuate ili amfundishe. Akaambiwa mapema kuwa hataweza kusubiri. Hakukasirika wala hakurudi.

Na Mtume wetu (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam), aliyeteremshiwa Qur'ani yenyewe, alikuwa akidurusu na Jibril (‘Alayhis Salaam) kila Ramadhani, na mwaka wa mwisho wa uhai wake walidurusu mara mbili. Basi nani kati yetu aliye mkubwa kiasi cha kutokaa mbele ya mwalimu?

Hata katika bahari yetu hii tunao mfano. Sheikh Ahmad bin Sumayt alizaliwa Itsandra, Ngazija, mwaka 1861, na ujanani alikuwa nahodha wa jahazi. Katika miaka ya 1880 alishika ukadhi Unguja. Baada ya hapo, hali ameshakuwa kadhi, alisafiri mpaka Istanbul, Misri na Makka, akaendelea kuchukua elimu kwa masheikh wa huko. Alirudi Unguja na kuendelea na ukadhi, akafa mwaka 1925 akiwa katika wanazuoni wakubwa wa pwani yote. Ukadhi haukumzuia kukaa tena kwenye mkeka.

4. Anayebabaika ana ujira wake

Linalowatisha wengi ni siku ya kwanza: ulimi mzito, mwalimu anakatiza kila neno, na pembeni mtoto wa miaka minane anasoma kama maji. Kwa hali hiihii hasa ndipo ilipokuja bishara. Bibi ‘Aisha (Radhiya Allahu ‘anha) amepokea kuwa msomaji hodari atakuwa pamoja na Malaika watukufu, na yule anayesoma kwa kubabaika, hali ya kuwa kisomo ni kizito kwake, ana ujira mara mbili. Hadithi hii ni ya Bukhari na Muslim. Wanazuoni wamefafanua: ujira mmoja ni wa kisomo na wa pili ni wa ile mashaka anayoipata.

Ifahamike vizuri. Ujira huo wa pili anaupata anayesoma kwa taabu, si anayeukimbia msahafu kwa kuogopa taabu.

5. Namna ya kuanza

Kwanza, anza na Fatiha. Usiombe kupangiwa juzuu. Mwambie mwalimu, "Nisikilize Fatiha yangu, na kila penye kosa nisimamishe." Pengine itachukua wiki, pengine mwezi. Kisha ingia kwenye sura fupi unazozisoma katika Swala kila siku, kwa sababu makosa yake ndiyo unayoyarudia zaidi.

Pili, tafuta mwalimu anayesahihisha na anayesitiri. Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye ni mwosha. Na mwalimu wa mtu mzima awe hivyohivyo, analoliona lisitoke. Kina mama watafute mwalimu wa kike, na wakikusanyika watatu au wanne walio sawa, woga hupungua.

Tatu, usitegemee simu peke yake. Kusikiliza wasomaji kunasaidia sikio, lakini simu haitakwambia kuwa swadi yako ni sini. Qur'ani imepokewa kutoka kinywa hadi sikio, na lazima apatikane mtu wa kukusikia.

Nne, pangilia wakati kwa maisha yako yalivyo. Mvuvi wa dagaa, siku za mbalamwezi huwa yuko nyumbani. Azifanye hizo kuwa siku zake za darsa, na siku za giza adurusu alichopewa. Mchumaji wa karafuu asiweke ahadi nzito katikati ya msimu. Aliye mjini ana baina ya Magharibi na Ishaa. Robo saa kila siku inatosha, kwani amali inayopendeza zaidi kwa Allah ni ile inayodumu hata ikiwa kidogo.

Tano, usione vibaya kuanza na herufi. Kama macho yamepungua nguvu, vaa miwani na tafuta msahafu wa maandishi makubwa. Wengi waliodhani wameshindwa kusoma, kumbe hawaoni.

6. Wajibu wa waliomo nyumbani

Mtu hutoka alipozoea akijua kuwa akijikwaa hatachekwa. Kwa hiyo mke asimtanie mumewe mbele ya watoto, wala mume asimwambie mkewe, "Sasa ndiyo unaona leo?" Watoto wafundishwe kuwa kumsikiliza mzazi akisoma ni katika kumfanyia wema, na kumsahihisha kuna adabu yake: kwa sauti ya chini, mkiwa wawili, na kwa kurudia neno lililo sahihi bila ya kulitaja kosa.

Maimamu nao wanaweza kusaidia sana kwa kuweka darsa ya watu wazima mbali na chuo cha watoto. Na anayegawa majuzuu ya khitma asimwekee mtu juzuu mapajani kwa nguvu mbele za watu.

7. Maswali mawili yanayoulizwa sana

Nifanye nini katika Swala wakati bado najifunza? Usiache Swala. Soma Fatiha unavyoiweza huku unajifunza kwa juhudi. Asiyeijua kabisa husoma Aya nyengine saba anazozijua, na asiyejua chochote huleta dhikri. Mtu mmoja alimwambia Mtume (Swalla Allahu ‘alayhi wa sallam) kuwa hawezi kuchukua chochote katika Qur'ani, naye akamfundisha tasbihi, tahmidi, tahlili, takbiri na la haula wala quwwata illa billah. Imepokewa na Abu Dawud kutoka kwa ‘Abdullah bin Abi Awfa (Radhiya Allahu ‘anhuma). Ruhusa hiyo ni ya asiyeweza, si ya anayeweza kujifunza akapuuza.

Na Swala zangu za nyuma? Hili mwendee sheikh wa kwenu, na kabla ya kumuuliza msomee Fatiha yako. Jawabu hutegemea kosa lenyewe: liligeuza maana au halikugeuza, na ulikuwa na njia ya kujifunza au hukuwa nayo. Wengi wanaojiona wameharibu kila kitu hukutwa na kosa dogo la kurekebishika, na wengine wasiojishughulisha hukutwa na kubwa. Hutajua mpaka usikilizwe.

Ewe ndugu yangu, ewe mama yangu, uzito wote umo katika hatua zile chache kutoka ulipokaa mpaka penye mkeka wa mwalimu. Ukishafika, kilichobaki ni herufi ishirini na nane. Leo baada ya Swala, mfuate mtu mmoja unayemuamini kwa kisomo na kwa siri, umwambie: "Nataka unisikilize Fatiha."

Tunamuomba Allah aifanye Qur'ani kuwa nuru ya nyoyo zetu, azilainishe ndimi zetu kwayo, na awalipe kheri walimu wetu walio hai na waliotangulia. Amin.

Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.